TUJUE MANENO: Kijani cha jangwani

Neno letu la Jumapili hii ni kijani. Asili yake haina fumbo: ni "jani" lililopewa ki-, kama tunavyosema kitoto au kizungu. Kitu cha kijani kinafanana na jani. Watu wa pwani wana jina jingine, chanikiwiti, yaani jani kibichi kwa lahaja za kaskazini, ambako -bichi huwa -witi.

Hiyo -bichi nayo ina mambo. Ndizi mbichi haijaiva, nyama mbichi haijapikwa, nguo mbichi haijakauka. Yote hayo yanaonyesha kitu ambacho bado kina maji au uhai wake.

Lakini kitenzi cha "kugeuka kijani" hatuna. Twasema nchi imechipua, imesitawi au imenawiri. Kunawiri kumetoka Kiarabu, ukoo mmoja na nuru. Kwa hiyo shamba lililonawiri ni shamba linalong'aa.

Sasa twende Lodwar, ambako mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 250. Waturkana huuita msimu wa mvua akiporo, na kiangazi akamu. Akiporo ikija, nyasi huchipua na mifugo hupata maziwa. Hapo kijani ni chakula.

Hata hivyo, ukifika huko wakati wa akamu utaona kijani kingine kando ya mto Turkwel, na pia Kakuma, mji wenye kambi ya wakimbizi tangu 1992. Huo ni mathenge, mti wa asili ya Amerika uliopandwa nchini katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa. Haunyauki. Mbuzi hawapendi majani yake, ila hula maganda yake matamu na kusambaza mbegu kwa kinyesi. Miiba yake huchoma, vichaka vyake hufunga njia na malisho. Huko Baringo wananchi waliishtaki serikali mwaka 2006 kwa ajili ya mti huohuo.

Tusiufanyie hiana: hutoa kuni, makaa na fito, na kambini mahitaji ya kuni hayaishi.

Basi mwanafunzi, ukiandika insha kwamba jangwa "limekuwa kijani", jiulize kwanza: limenawiri, au limefunikwa tu? Mchungaji wa Turkana anaijua tofauti hiyo kwa kutazama tumbo la mbuzi wake.

Tukutane Jumapili ijayo.