Chipu za ghorofa: hesabu ya vivuko tunaijua

Mfanyabiashara wa Kemambo anayepeleka mzigo Mugumu anajua kuwa safari haihesabiwi kwa kilomita peke yake. Mto Mara uko katikati, na mahali pa kuvukia ni pachache. Wote wakielekea kivuko kimoja, foleni inakula siku. Kila kijiji kikijengewa daraja lake, fedha ya barabara inakwisha.

Hesabu hiyo hiyo inawasumbua wabunifu wa chipu, kile kipande kidogo cha silikoni kinachoendesha simu tunayoulizia bei na kutumia fedha. Kwa miaka mingi chipu ilikuwa tambarare kama shamba. Mwaka 2007 kampuni ya Intel ilionyesha chipu ya majaribio yenye prosesa 80, zimepangwa 8 kwa 10 kama miche, kila moja na njia panda yake ya kupokea na kupitisha taarifa. Zaidi ya robo ya umeme uliotumika ulikwenda kwenye kupitisha taarifa tu.

Dawa mojawapo ni kujenga ghorofa: tabaka juu ya tabaka, zikiunganishwa kwa vinguzo vya shaba vinavyotoboa silikoni. Safari ya taarifa inafupika na umeme unaokolewa. Lakini kila kinguzo kinachukua nafasi na kuongeza gharama. Joto nalo hunaswa katikati, kama kwenye magunia ya mahindi mabichi yaliyobanana ghalani. Basi mbunifu hodari huweka vivuko vichache, karibu na penye msongamano, na kuzipa taarifa njia ya kuzunguka kivuko kilichojaa. Akikosea, kifaa kinachemka na umeme unapotea bure. Anayelipa kuchaji simu dukani anaelewa maana yake.

Kwa maoni yetu, tusidhani kazi hii ni ya mataifa makubwa peke yake. Kubuni chipu hakuhitaji kiwanda. Kampuni nyingi duniani huchora tu, kisha huagiza kutengenezewa Taiwan. Zipo hata programu za kuchorea zinazopatikana bure kwenye intaneti. Jirani zetu wa Kenya wana Semiconductor Technologies Limited huko Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Sisi mgodi wa North Mara umezalisha dhahabu tangu 2002, madini ambayo kwa miongo mingi yamevutwa kuwa nyuzi nyembamba za kuunganishia chipu. Inaondoka hapa ikiwa dhahabu, tunanunua simu.

Mgodi hulipa ushuru wa huduma kutokana na mapato yake, na zipo fedha za miradi ya jamii. Madarasa na zahanati vimejengwa, na ni haki. Sasa tunashauri fungu lijalo liweke maabara za fizikia na kompyuta, zenye umeme wa uhakika, katika sekondari za kata zinazouzunguka mgodi. Wazazi wawaulize madiwani jambo hili kwenye mikutano ya vijiji, kabla bajeti haijapitishwa.