Tembea na Mama: Kilima cha Mengo, mji wa wafalme ulioshikwa na wanawake



Wengi kati yetu tunaijua Kampala kwa upande wa biashara tu. Tunavuka Kasindi, tunapita Mpondwe na Kasese, tunalala ndani ya basi, na asubuhi tuko Kikuubo au soko la Owino tukitafuta vitenge, viatu na nguo za watoto. Wengine tulifika kule tukisindikiza mgonjwa, na wengine tuna jamaa waliokimbia vita na kubaki. Mzigo ukishafungwa, tunarudi nyumbani. Lakini si mbali na soko hilo kuna kilima kinachoitwa Mengo, na huko ndiko makao ya wafalme wa Buganda. Wiki hii twende huko pole pole kwa mguu, tukitazame kwa jicho la mama.

Mwendo unaanzia Bulange, nyumba kubwa yenye mnara iliyojengwa katika miaka ya 1950. Ndani yake hukaa Lukiiko, yaani baraza la ufalme. Mfalme wa Buganda anaitwa Kabaka, na wa sasa ni Ronald Muwenda Mutebi wa Pili, aliyetawazwa tarehe 31 Julai 1993. Watu wake, Waganda, wamegawanyika katika koo 52, na kila ukoo una mnyama, samaki au mmea wake ambao hawali.

Hapa, mama, fungua masikio. Kwa Waganda mtoto hufuata ukoo wa baba, kama kwetu. Lakini mtoto wa mfalme alifuata ukoo wa mama yake. Kwa hiyo hapakuwa na ukoo mmoja wa kusema: ufalme ni wetu peke yetu. Leo mfalme ni mtoto wa binti wa ukoo huu, kesho wa ule. Kila ukoo ulijua kwamba binti yao anaweza kuzaa Kabaka, na ndiyo sababu wote waliulinda ufalme kama mali yao.

Tena zamani watu watatu waliitwa Kabaka: mfalme mwenyewe, mama yake anayeitwa Namasole, na dada yake anayeitwa Lubuga. Namasole alikuwa na makao yake, mashamba yake na wakubwa wake wa kazi. Alikaa kwenye kilima kingine, na kijito kilipita kati yake na mwanawe. Mama wa Mutesa wa Kwanza, jina lake Muganzirwazza, alikuwa mwanamke ambaye wakubwa wote walimwogopa na kumheshimu. Ukisikia mtu anasema kwamba mambo ya utawala hayakuwa ya wanawake wa Afrika, mkumbushe jina hilo.

Kutoka Bulange, barabara inakwenda moja kwa moja mpaka lango la jumba la mfalme. Inaitwa Kabaka Anjagala, maana yake "Kabaka ananipenda". Pembeni utaona alama za koo. Katikati ya njia kuna mzunguko unaoitwa Nnantawetwa, yaani kisichopinda. Magari yote yanauzunguka, lakini ndani yake kuna njia iliyonyooka yenye milango. Milango hiyo inafunguliwa kwa Kabaka peke yake, kwa sababu desturi inasema mfalme hapindi njia. Watoto wakubwa hupenda sana hadithi hiyo, na ni nafasi nzuri ya kuwauliza: je, ni nani leo anayestahili kupita bila kupinda?

Mwisho wa barabara kuna lango linaloitwa Wankaaki. Karibu nalo unawaka moto wa kuni, ambao hauzimwi maadamu Kabaka yu hai. Ndani ya ukuta ni Lubiri, na jumba lenyewe linaitwa Twekobe. Mwanga wa Pili ndiye aliyehamia Mengo katika miaka ya 1880. Mgeni haingizwi ndani ya jumba, analitazama kwa nje tu.

Sasa mwendo unakuwa mzito. Tarehe 24 Mei 1966, askari wa serikali ya Milton Obote, wakiongozwa na Idi Amin, walishambulia Lubiri. Kabaka Mutesa wa Pili, ambaye alikuwa pia rais wa kwanza wa Uganda, aliruka ukuta akakimbia. Alifika London, akafa huko mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zote za Uganda zilikuwa zimefutwa, na Lubiri ikawa kambi ya askari. Wakati wa Amin kulijengwa chini ya ardhi, ndani ya eneo la jumba, ghala ya silaha. Ikageuka kuwa gereza. Watu walifungiwa gizani katika vyumba vya saruji, na mbele yao palijazwa maji yaliyotiwa umeme ili mtu asitoroke. Kuta bado zina maneno yaliyoandikwa na wafungwa.

Mama, ukiwa na mtoto mdogo, usimshushe pale. Na wewe mwenyewe, kama umepita katika mambo ambayo wengi wetu wa Beni na Mangina tumepita, si lazima uingie. Mwambie kiongozi kwamba utangoja nje chini ya mti. Hakuna aibu. Lakini ni vizuri kujua kwamba Waganda hawakupafunika mahali hapo wala hawakupabomoa. Wanapaonyesha, ili mjukuu ajue yaliyofanyika na asikubali yafanyike tena.

Kutoka Mengo panda moto au taksi mpaka Kasubi, kwa sababu kwa miguu ni mbali. Kasubi ni mahali pa makaburi. Nyumba kubwa ya nyasi inaitwa Muzibu Azaala Mpanga. Mutesa wa Kwanza aliijenga mwaka 1882 kama jumba lake, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo. Baadaye walizikwa hapo Mwanga, aliyefia uhamishoni Shelisheli, kisha Daudi Chwa, kisha Mutesa wa Pili, ambaye mwili wake ulirudishwa mwaka 1971. Ndani ya paa kuna pete 52, kila ukoo na pete yake.

Na nani analinda mahali hapo? Wanawake. Msimamizi mkubwa ni binti wa kifalme mwenye cheo cha Nnaalinnya. Pembeni kuna nyumba za wanawake wanaoitwa wake wa wafalme. Mmoja akifa, ukoo wake humtuma mwanamke mwingine kushika nafasi yake, na kiti hakibaki tupu. Wanasuka mikeka, wanapokea wageni, wanatunza desturi.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliungua yote. Watu wazima walilia barabarani. Mahali hapo palikuwa pamewekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na baada ya moto pakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kujenga upya kulichukua miaka mingi. Watu walichanga kidogo kidogo, katika mchango ulioitwa Ettoffaali, yaani tofali, kama sisi katika likelemba. Mwaka 2023 UNESCO ilipatoa katika orodha ya hatari. Nyasi ziliungua, lakini ujuzi wa kuezeka, majina ya pete na sheria za nyumba vilikuwa bado vichwani mwa wazee. Bila hao, fedha yote isingerudisha kitu.

Ndiyo sababu nimewaleta huko. Hapa kwetu nyumba ngapi zimechomwa? Jamaa ngapi zimehama kutoka vijijini, zikiacha makaburi, miti ya mipaka na mahali pa baraza la mwami? Watoto wetu wanajifunza masomoni majina ya wafalme wa Ubelgiji, lakini ukimwuliza mmoja juu ya wami wa Bashu, Baswagha, Bamate au Batangi, ananyamaza. Na walio Wambuba, Wapakombe au Walese wana habari zao pia, ambazo hazijaandikwa. Bibi mmoja akifa ndani ya kambi ya wakimbizi wa ndani bila kuulizwa, hatuna pete 52 za kutukumbusha.

Kwa mwenye safari ya Kampala: vaa sketi ndefu au kitenge, kwa sababu Kasubi mwanamke haingii na suruali, na viatu vinavuliwa mlangoni pa nyumba. Uliza bei ya kiingilio na ya kiongozi kabla ya kuanza, na uliza kama yuko anayesema Kiswahili. Usipige picha kabla ya kuruhusiwa. Mengo tenga asubuhi nzima, Kasubi mchana.

Kwa tunaobaki, hii ndiyo kazi ya vikundi wiki hii. Kila mama amchukue mtoto mmoja, waende kwa bibi au babu mmoja wa kartye, na waulize mambo matatu: Ulizaliwa kilima gani, na mkubwa wa kilima alikuwa nani? Mama yako alitoka jamaa gani? Kuna mahali gani ambapo watu waliheshimu na leo hapana alama? Mtoto aandike majibu katika kaye yake, na mama alete kaye hiyo kwenye mkutano. Tutayakusanya yote katika kitabu kimoja cha kikundi, na nakala ya pili itunzwe katika nyumba nyingine, kusudi moja ikiungua, nyingine ibaki.

Mwacha mila ni mtumwa, wazee walisema. Tuanze kuuliza wiki hii, maana wazee wetu wanapungua.