Kuzima na kuwasha proksi si ufundi

Jamani, hivi ni lini tutaacha kuuita uvivu ufundi? Kwenye ofisi nyingi za mjini, vyumba vya habari vikiwemo, kurasa zikianza kuganda anaitwa fundi wa IT. Anazima proksi, anaiwasha, kurasa zinafunguka, anasema "mtandao ulikuwa chini", anaondoka zake. Kesho yake tunamwita tena. Bosi naye anatutuhumu waandishi kwamba tunaangalia video, kisha anaongeza pesa kwa kampuni ya intaneti.

Kwa wasioijua, proksi ni seva inayokaa kati ya kompyuta zetu na intaneti. Wewe unaomba ukurasa, yenyewe inakwenda kuuchukua, inabaki na nakala ili mwenzako akiuomba apewe hapo hapo. Squid, iliyotoka mwaka 1996, ni mojawapo ya zinazojulikana sana. Enzi za setilaiti, kabla waya wa SEACOM haujafika Dar mwaka 2009, nakala hizo zilikuwa dhahabu. Siku hizi kurasa nyingi ni za HTTPS na proksi ya kawaida huzipitisha bila kuona kilichomo, hivyo faida imepungua sana. Kukwama, hata hivyo, kupo pale pale.

Sikatai, kuna siku mtandao unakuwa chini kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na hakuna fundi wa ofisi ambaye angetusaidia. Lakini nyaya hazikatiki kila Jumatatu saa tatu asubuhi, watu wote wakishakaa kwenye viti!

Kinachoniudhi ni kwamba ushahidi upo. Squid huandika maombi kwenye faili la access.log, pamoja na muda ambao kila moja limechukua kwa milisekunde. Fundi mmoja aliniambia kalisoma lile faili na hakuona tatizo. Kaka, hukuona kwa sababu ombi huandikwa likishamalizika! Lililokwama bado halijafika humo. Linatafutwa kwenye ripoti ya Squid iitwayo active_requests, tena likiwa bado limekwama, kabla hujazima chochote. (Na mistari ya CONNECT yenye muda mrefu isikutishe, huo ni muda ambao njia ya HTTPS ilikuwa wazi tu.)

Kuna ripoti nyingine, info. Hiyo inatenganisha muda wa kurasa zilizotolewa kwenye nakala, muda wa zilizofuatwa nje, na muda wa kuuliza majina kwa DNS. Sasa niambieni, kama hata kurasa ambazo nakala zake ziko humo humo ndani zinachelewa, waya wa baharini unahusikaje? Hapo angalia diski, angalia prosesa. Kama kinachochelewa ni DNS, basi seva ya majina haijibu, na Squid kwa mpangilio wake wa kawaida inaweza kuisubiri sekunde 30. Mtumiaji anaona kiduara kinazunguka tu. Hata ukinunua kifurushi mara mbili ya hicho, kitazunguka vile vile.

Halafu kuna ile ya Jumatatu asubuhi. Ombi linalofuatwa nje hushika nafasi mbili kwenye mfumo, moja ya kompyuta yako na moja ya tovuti. Kwenye Linux kikomo mara nyingi huwa ni nafasi 1024. Ofisi ikijaa, vivinjari vikifungua miunganisho kwa makumi, nafasi zinakwisha na wengine wanasubiri. Squid hata inalalamika kwenye cache.log kwamba nafasi zinakaribia kwisha. Ukizima na kuwasha, zote zinaachiwa. Ndiyo maana "dawa" inafanya kazi, na ndiyo maana ugonjwa unarudi. Tena ukizima unapoteza nakala zilizokuwa kwenye kumbukumbu pamoja na majibu ya DNS, kwa hiyo ofisi nzima inaanza kuuliza upya kwa pamoja.

Kuongeza kikomo ni mstari mmoja kwenye mpangilio. Kusoma ripoti ni dakika moja. Nawe bosi, kabla hujasaini ankara ya kifurushi kikubwa zaidi, muombe fundi wako akuonyeshe ripoti ya info ya saa tatu asubuhi.