Michungwa Yetu Isihukumiwe kwa Kipimo Kimoja

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua miche ya michungwa katika kitalu kimoja, nikaipanda shambani kwangu hapa Subukia. Ilipozaa, matunda yalikuwa madogo, yamepinda upande, yenye uchungu, na mengine yalisalia kijani hata wakati wa kuiva. Majani nayo yakaota mabaka ya manjano. Jirani mmoja alinishauri nitie mbolea yenye zinki. Mwingine aliniambia nishike shoka. Nimwamini nani?

Dalili hizo ni za ugonjwa uitwao kwa Kichina Huanglongbing. Huletwa na bakteria waishio katika mishipa ya mti, na huenezwa na vijidudu vifyonzavyo majani machanga, pamoja na vikonyo vya kupandikizia. Hauna tiba. Lakini upungufu wa zinki pia huleta umanjano unaokaribia kufanana na huo. Kwa hiyo jicho halitoshi. Sharti maabara itafute chembe za urithi za bakteria wenyewe.

Hata hivyo, si kila kipimo kisemacho "ndiyo" husema kweli yote. Mnamo 2015 ilitangazwa kwamba aina ya Kiasia ya bakteria hao, ambayo hustahimili joto, imepatikana Uganda. Mnamo 2017 watafiti waliochunguza michungwa ya Uganda, Kenya na Tanzania walionyesha kwamba kipimo cha haraka cha PCR, kinachotumiwa sana kuisaka aina ya Kiasia, huweza kuitikia pia tawi moja la aina ya Kiafrika, ile ipendayo baridi ya nyanda za juu. Waliposoma mpangilio wa chembe za urithi katika sehemu kadhaa, walikuta ni tawi hilo la Kiafrika. Wahenga hawakukosea: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Asidhani mtu kwamba hofu hiyo ilikuwa ya bure. Mnamo 2020 aina ya Kiasia iliripotiwa humu nchini. Ndiyo sababu jina sahihi ni muhimu: ugonjwa wa baridi na ule usioogopa joto havizuiwi kwa mipaka ile ile.

Naonelea basi kwamba kila kipimo kipewe kazi yake. Kile kiitwacho LAMP, kinachohitaji joto moja tu la nyuzi 65 hivi na muda wa saa moja, kiletwe karibu na vitalu vya kaunti ya Nakuru, na majani yachumwe katika matawi mbalimbali, kwa kuwa bakteria hawaenei mtini kwa usawa. Mche utakaoshukiwa usiuzwe hadi maabara kuu ithibitishe kwa kipimo cha pili na kwa kusoma chembe za urithi.

Gharama ipo, nakiri. Lakini aliyeuziwa mche mgonjwa hulipa mara tatu: huununua, huulea, kisha huukata. Mimi nimekwisha kulipa mara mbili. Shoka lingali ukutani, likingoja jibu.