Mtoto naye aulizwe

Karani wa takwimu anapobisha hodi Mkunazini au Makunduchi, hapa Zanzibar, kuuliza habari za chakula, anayejibu ni mtu mzima. Kipimo cha uhaba wa chakula cha FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kinachotumika duniani kote kina maswali 8, na hulenga watu wa miaka 15 na zaidi. Mama husema watoto wamekula, na huenda kweli amewapakulia. Asichokijua ni kwamba mkubwa alimwachia mdogo wake boflo lake, au kwamba mwengine ametoka skuli akaenda chuoni na tumbo tupu, akanyamaza asimtie mama simanzi. Stara ya nyumba zetu ni jambo jema, lakini njaa hujificha humohumo.

Huko South Carolina, Marekani, Maryah Fram, Edward Frongillo na wenzao waliwauliza watoto wenyewe. Utafiti wao wa 2011 ulionesha kuwa watoto huijua njaa ya nyumbani, na hujinyima kwa namna ambazo pengine wazazi hawazioni.

Mwaka huohuo Zanzibar ilipata Sheria ya Mtoto na Sheria ya Uhakika wa Chakula na Lishe. Zisomwe pamoja. Tunaiomba Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali iongeze maswali machache kwa watoto wa miaka 10 na zaidi, kwa idhini ya wazazi, yaulizwe faraghani na mtu anayejua kuzungumza na watoto. Na mtoto atakayesema ana njaa asaidiwe siku hiyohiyo, asiishie kuandikwa kwenye fomu.