Gari Linapowaka Leo na Kugoma Kesho

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya homa za watoto, lishe, na afya ya mama mjamzito. Mwezi huu nitazungumza habari za gari, wala msishangae. Hapa Sumbawanga akina mama wengi sasa tunaendesha vigari vidogo vilivyokwisha kutumika Japani, na usiku gari la nyumbani ndilo gari la wagonjwa la mtaa mzima. Likigoma, habari hiyo imekwisha kuwa ya afya.

Nataka kueleza ugonjwa mmoja tu, ule unaochosha kuliko yote. Gari linawaka asubuhi, mchana linagoma, jioni linawaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Ukilifikisha kwa fundi linawaka kwa mara ya kwanza, naye anakutazama kama mtu aliyekuja kumpotezea muda. Mji wetu, ambao jina lake watu hulifasiri kuwa "tupa uchawi", hauna uhaba wa maelezo kwa mambo ya namna hiyo. Lakini sisi wauguzi tunaijua homa inayokuja na kuondoka. Haitibiwi kwa kubahatisha. Unaandika saa na dalili kwenye chati mpaka ijionyeshe yenyewe.

Mara nyingi homa hii ya gari inatoka kwenye kizuia wizi kiitwacho imobilaiza. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikifanya kuwa cha lazima kwa magari mapya ya abiria mwaka 1998, Australia ikafuata mwaka 2001, na magari mengi yanayotufikia kutoka Japani yanacho pia. Ndani ya plastiki ya kichwa cha ufunguo mna chipu ndogo sana, katika funguo nyingi haizidi punje ya hindi. Chipu hiyo haina betri. Kulizunguka tundu la ufunguo pana duara la waya mwembamba, na ukifungua swichi duara hilo huipa chipu nguvu kidogo kupitia hewani, nayo hujibu kwa kutaja namba yake ya siri. Kompyuta ya gari ikiitambua namba, injini inaruhusiwa kuwaka. Isipoitambua, stata inaweza kuzunguka vizuri kabisa na injini isishike, au ishike kwa sekunde moja au mbili kisha izime. Yako magari ambayo hata stata haizunguki.

Mazungumzo hayo hufanyika kwa umbali wa sentimeta chache tu. Hapo ndipo shida zetu nyingi zinapoanzia.

Katika kikundi chetu cha akina mama yuko mwalimu mmoja ambaye gari lao lilimgomea hivyo kwa miezi mitatu. Walinunua betri mpya. Walibadilisha plagi, kisha pampu ya petroli, fedha zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya ada. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba mumewe akija na kuwasha, gari linawaka. "Mama watoto, wewe huna mkono wa gari," alikuwa akimwambia, mwanzo kwa utani, baadaye si kwa utani. Usiku mmoja jirani alishikwa uchungu, mume akiwa safarini Mpanda, na gari likakataa. Vijana walilisukuma mpaka jasho likawatoka katika baridi ya Julai. Namshukuru Mungu ilipatikana bajaji na mtoto alizaliwa salama mikononi mwa wakunga, lakini huyo mama hakulala usiku ule, na kwa muda mrefu alikataa kugusa usukani.

Nilimuuliza swali ambalo hata wodini huwa la kwanza: ni nini kilicho tofauti kati ya siku nzuri na siku mbaya? Alianza kuandika kwenye daftari la shule, tarehe, saa, nani aliyewasha, kwa ufunguo upi. Baada ya wiki mbili daftari lilisema wazi. Ufunguo wa baba haukugoma hata mara moja. Wa mama uligoma mara tano. Mkono haukuwa na kosa. Ule wa mama ulikuwa umevunjika kichwa mwaka uliotangulia, akabadilishiwa kava mtaani, na chipu iliachwa ikichezacheza ndani bila kukaa mahali pake. Ikilala upande mmoja inasikika, ikilala upande mwingine haisikiki. Fundi wa funguo aliikaza mahali pake kwa muda mfupi sana, kwa gharama ndogo kuliko plagi moja.

Kwa hiyo, mama, gari likianza tabia hii, jaribu kwanza ufunguo wa pili. Uwashe peke yake, mbali na ule mwingine na mbali na mkungu wa funguo na vyuma, kwa maana chipu ya gari jingine ikining'inia karibu inaweza kuvuruga mazungumzo. Kama funguo zote mbili zinagoma, tatizo huenda liko kwenye duara la waya, kwenye viungio vyake, au kwenye kompyuta yenyewe, na hapo ni kazi ya fundi umeme wa magari mwenye mashine ya kupimia.

Itazame pia taa ndogo kwenye dashibodi, mara nyingi nyekundu, yenye alama ya gari pamoja na kufuli au ufunguo. Gari likiwa limezimwa, taa hiyo kupepesa ni kawaida, linalinda. Ukifungua swichi inapaswa kuzimika. Ikiendelea kupepesa au kuwaka wakati unapiga stata, gari halijakutambua. Ikizimika vizuri na bado injini haishiki, usiilaumu imobilaiza, tafuta kwingine.

Wengi hudanganywa na rimoti. Milango kufunguka kwa kitufe si ushahidi kwamba chipu ni nzima, kwani hivyo ni vitu viwili tofauti vilivyowekwa kwenye kichwa kimoja. Na kusukuma hakusaidii hata kama gari ni la gia za mkono, maana lililozuiwa limezuiwa. La otomatiki halisukumwi kabisa.

Huku juu Ufipa kuna jambo jingine, baridi. Asubuhi za Juni na Julai betri iliyochoka hushuka nguvu sana stata inapozunguka, na kompyuta inaweza kushindwa kuusoma ufunguo ambao mchana inausoma bila shida. Betri iliyojaa na kupumzika hupima karibu volti 12.6. Ikikaribia 12 haina kitu. Safisha vichwa vya betri na uvikaze kabla ya kununua mpya.

Kwa wenye magari ya kubonyeza kitufe, betri ya ufunguo ikiisha, magari mengi ya Toyota huwaka ukikanyaga breki, ukagusisha ufunguo kwenye kitufe, kisha ukabonyeza. Hapa naomba nirudi kwenye kazi yangu. Ile betri bapa mnayoitoa msiiache mezani. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, hata kama kwa gari imekwisha. Usimtapishe, usingoje aanze kulia. Mkimbize hospitali yenye eksirei, na useme wazi kwamba ni betri.

Mnaponunua gari, mdai muuzaji funguo zote mbili. Kama upo mmoja tu, uchongeshwe na kusajiliwa wa pili sasa, wakati huo mmoja unafanya kazi, hata ikibidi kungoja safari ya Mbeya. Ukipotea ule wa pekee, huenda mkalazimika kushughulikia kompyuta yenyewe, na gharama yake ni ya kukalisha familia kikao. Wako mafundi watakaopendekeza kukata waya, au kuificha chipu chini ya usukani kwa gundi ili gari likubali ufunguo wowote. Litawaka, ndiyo, na litamwakia mwizi pia. Mpe fundi wa namna hiyo daftari lako la tarehe na saa alisome kwanza. Akikataa kulisoma, chukua ufunguo wako utafute mwingine.