Pangoni Sweta la Nini?

Kila mara Chama cha Jiografia kinapotangaza safari ya mapangoni, sharti huwa ni lile lile: sare kamili, sweta juu yake, na mtu asije akalia baridi huko mbele. Mimi naona sharti hili lafaa gwaride la Ijumaa, bali pangoni lina hatari. Nguo inayogusa mwili iwe nyepesi, na sweta likae mkobani.

Najua nitaulizwa, “Kwani pango si ni baridi?” Inategemea pango liko wapi. Ukiingia ndani sana, mbali na mlango, joto la pango huwa karibu sawa na wastani wa joto la mahali hapo kwa mwaka mzima. Uingereza wastani huo ni kama nyuzi 10 za sentigredi, na maji ya mapangoni ni ya kugandisha vidole. Ndiyo maana wenyeji wa huko huvaa mavazi mazito ya manyoya ndani, na ovaroli ngumu juu. Wakituandikia vitabu wanatushauri tuvae kama wao. Lakini tazama pango la Lechuguilla lililoko New Mexico, Marekani. Humo joto ni kama nyuzi 20, na hewa imejaa unyevu karibu wote inayoweza kubeba. Wanaolichunguza huvaa kaptura na fulana tu! Je, sisi tulio karibu na ikweta tumwige nani?

Tena, moto mwingi hautoki pangoni. Unatoka kwetu wenyewe. Mtu anapotambaa, kupanda mawe na kujivuta kwa viwiko, misuli yake hutumia takriban robo tu ya nguvu zake kufanya kazi yenyewe. Zinazobaki hugeuka joto. Mwili hulipunguza joto hilo kwa jasho, lakini jasho halipozi mwili mpaka likauke. Sasa pangoni hewa ina unyevu mwingi na upepo hakuna. Jasho linakauka wapi? Linateremka tu mgongoni. Ukiongeza sweta la sufu juu ya shati na vesti, umejifungia ndani ya sufuria yenye kifuniko.

Haya si maneno ya kutisha watu. Mwaka jana tulizuru mapango ya Mlima Suswa, Kaunti ya Narok. Ni mahandaki yaliyoachwa na lava: sehemu ya juu ilipoa ikawa jiwe, ile ya ndani ikaendelea kutiririka mpaka handaki likabaki tupu. Njia ina mawe makali, na pengine lazima uiname au utambae. Mwenzetu mmoja wa kidato cha pili aliomba avue sweta, akaambiwa sare ni sare. Haukupita muda akaanza kuona kizunguzungu na kutaka kutapika. Tulimrudisha nje tukimshika mikono, akavuliwa sweta, akapewa maji, akapata nafuu. Tulikuwa karibu na mlango, asante Mungu. Je, tungekuwa kwenye Leviathan, lile pango la vilima vya Chyulu lenye mahandaki ya zaidi ya kilomita 11? Mtu akizirai ndani sana hapana gari la kumfuata. Ni kubebwa na wenzake gizani, nao pia wamevaa masweta.

Wanaotetea sweta wana hoja moja ya haki: ukisimama kupumzika, baridi huja. Ni kweli kabisa. Lakini hebu fikirini. Aliyeingia na sweta mwilini, wakati wa kupumzika sweta lake limekwisha kuloa jasho. Litamfaa nini? Aliyelifunga kwenye karatasi ya plastiki ndani ya mkoba atalitoa likiwa kavu, alivae, apate joto. Kwa hiyo anayeogopa baridi ndiye hasa anayepaswa kuingia bila sweta. Akiba haiozi, jamani.

Basi tuvae nini? Si lazima vitu vya duka kubwa. Jezi ya mpira ya mikono mirefu, ile ya poliesta, inatosha. Kitambaa chake hakinyonyi maji mengi na hukauka upesi, tofauti na vesti ya pamba inayoloa na kukugandama kutwa nzima. Kwa mitumba utaipata kwa bei ya kueleweka. Chini, suruali nyepesi ya mazoezi. Juu yake ovaroli pana ya kazi, kwa maana lava inachuna ngozi kama mbuzi ya nazi, na ovaroli yenye vifungo unaweza kuifungua kifuani ukisikia joto. Kofia ngumu na maji ya kunywa visisahauliwe. Wasichana nao waruhusiwe suruali. Kutambaa kwenye mawe na sketi ni mateso ya bure.

Wengine watasema nidhamu itapotea, na walimu hawatatujua gizani. Mbona dawa iko hapa hapa? Stoo ya michezo ina jezi za rangi ya shule, zenye nambari mgongoni, na Jumamosi nyingi zinalala tu. Tuazimwe, tuzifue, tuzirudishe. Mwalimu atatuhesabu kwa nambari, tena kwa urahisi zaidi kuliko masweta yanayofanana. Nasi wa shule ya kutwa tutapona hasara nyingine: sweta likichanika pangoni Jumamosi, ndilo hilo hilo la kuvaa Jumatatu asubuhi getini.

Wahenga walisema heri kinga kuliko tiba. Ombi langu kwa walezi wa chama ni hili moja: kabla ya safari ijayo, tangazo liandikwe upya. Pale paliposema “sweta livaliwe”, pasomeke “sweta libebwe”. Ni neno moja tu, halina gharama yoyote.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye kuyapinga na achukue kalamu, tukutane toleo lijalo.